Siku Mbili za Kwanza: Punje ya Mpunga na Kioo cha Jicho

Mhadhara kwa wakulima wa mpunga, Ifakara, msimu wa mavuno

Shikamooni wazee wangu. Akina mama, vijana, habari za mchana. Najua wengine mmetoka moja kwa moja shambani na mpunga bado uko juani, kwa hiyo sitawaweka sana.

Kuna sahani inapita. Kila mmoja achukue punje moja ya mpunga, asiikoboe. Ishike kwa ncha za vidole, uitazame kwa karibu. Unaona ncha ilivyo kali, na vile vinyweleo vilivyosimama juu ya ganda? Ipitishe polepole kwenye mdomo wako wa chini. Inakwaruza. Hiyo ndiyo inayowarukia usoni mnapopura, tena kwa nguvu.

Sasa jicho. Mbele kabisa, juu ya ile sehemu nyeusi, kuna kioo. Sisi wa kliniki ya macho tunakiita konea. Hukioni kwa sababu ni angavu. Pale katikati unene wake ni kama nusu milimita tu. Hakina mshipa wa damu hata mmoja, maana damu ingezuia mwanga kupita, kwa hiyo hewa yake kinaipata kupitia machozi. Lakini neva za maumivu zimejaa tele, ndiyo maana chembe ya mchanga ambayo huwezi hata kuiona kiganjani inamliza mtu mzima.

Ukijikata mguuni na jembe, kidonda kinapona, linabaki kovu, nawe unatembea kama kawaida. Kwenye kioo cha jicho kovu ni jambo jingine. Kovu ni jeupe, na mwanga haupiti. Jicho linaweza kuwa zima kabisa kwa ndani, lakini mwenyewe anaona ukungu maisha yake yote. Hicho ndicho wazee wetu walikiita chamba. Wengi hapa mnakiita mtoto wa jicho, na naomba tusichanganye. Mtoto wa jicho ni lenzi ya ndani, nyuma ya mboni, iliyoingia ukungu. Tunaitoa, tunaweka nyingine, na mara nyingi mtu anaona tena. Chamba kiko juu ya kioo chenyewe, na hakitolewi kirahisi hivyo.

Nije kwenye habari njema. Mkwaruzo wa juujuu kwenye konea mara nyingi hujifunga wenyewe kwa siku moja au mbili. Ila katika siku hizo mbili mlango uko wazi. Bakteria wanaweza kuingia, na hata fangasi waliokuwa juu ya ganda la mpunga au jani la mahindi. Wakishaingia ndani ya konea kinakuwa kidonda, na kidonda ndicho kinacholeta kovu. Nimefanya kazi hii miaka mingi, na ninaloamini ni hili: punje peke yake haiwapofushi watu wengi. Kinachowapofusha ni yale tunayoyafanya katika siku mbili baada ya punje.

Kuna mzee mmoja alifika kliniki siku ya kumi na moja. Ameshikwa mkono na binti yake, kitambaa kimefunga jicho. Siku ya kwanza alipigwa na mpunga akipura, akafikicha. Jioni jirani mwenye mtoto mchanga akamkamulia maziwa. Siku ya tatu akatiwa maji ya majani yaliyotwangwa. Siku ya tano akapewa kichupa cha dawa ya matone kilichobaki kwa shemeji yake, na hapo jicho likaacha kuwa jekundu. Wote wakashukuru. Nilipomwekea ile rangi yetu ya njano na kummulika kwa taa ya bluu, kidonda kiliwaka kijani, kikubwa kuliko mboni, kingo zake zimechanachana kama manyoya. Fangasi. Tulimtibu kwa wiki nyingi. Jicho lilibaki, kuona hakukurudi. Aliniuliza swali ambalo sijalisahau: "Daktari, sasa mbona lilikuwa limepata nafuu?"

Ngoja nimjibu mbele yenu. Kile kichupa kilikuwa na steroidi. Steroidi inatuliza wekundu na maumivu haraka sana, lakini wakati huohuo inawazuia askari wa mwili kufanya kazi. Kama ndani kuna fangasi, au virusi vya malengelenge, wanakula wakiwa wamestarehe. Jicho linakuwa jeupe na zuri kwa nje huku linaoza. Ukiitumia kwa miezi inaweza pia kupandisha presha ya macho na kuleta mtoto wa jicho. Chukueni kichupa mlicho nacho nyumbani, muangalie jina. Likiwa na herufi d-e-x-a, dawa hiyo usiitie jichoni bila kupimwa. Na usimpe mwenzako.

Na yale maziwa, majani, mate, mkojo, maji ya chai? Siwadharau waliotufundisha. Walitumia walichokuwa nacho, na waliona watu wanapona. Lakini kumbukeni nilichosema: mikwaruzo mingi inapona yenyewe kwa siku mbili. Kwa hiyo chochote utakachotia kitapewa sifa. Watu kumi wakitiwa majani, tisa wanapona na kusimulia kijiji kizima. Wa kumi anakaa ndani na kitambaa chake, hasimulii. Mwaka 2024, macho mekundu yalipoingia Dar es Salaam na Mombasa, ilikuwa vilevile. Ule ugonjwa wa virusi kwa kawaida unaisha wenyewe, na kila mtu akaapa kwamba ni dawa yake iliyomponya.

Sasa sikilizeni wenzetu wa Nepal. Nao wanalima mpunga. Katika wilaya ya Bhaktapur, wahudumu wa afya wa vijijini walifundishwa jambo moja: mtu akikwaruzwa jicho, apewe mapema mafuta ya macho ya kloramfenikoli, dawa ya kuzuia bakteria, kwa siku tatu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001. Watu 442 walikuwa na mkwaruzo, 424 wakapona bila kidonda. Walioanza dawa ndani ya saa 18, hakuna hata mmoja aliyepata kidonda. Waliofika kati ya saa 18 na 24, wanne kati ya 109. Waliofika kati ya saa 24 na 48, ni 14 kati ya 49. Tazameni hesabu hiyo jinsi inavyopanda. Na hawakuwa na mashine kubwa. Walikuwa na tyubu ndogo ya mafuta na mtu wa kijijini aliyejua wakati wa kuitumia.

Kuhusu watoto. Mtoto mwenye mzio wa macho anajulikana: weupe wa jicho umekuwa kahawia, ute mweupe unavutika kama uzi, na anafikicha kwa vifundo vya vidole, anazungusha na kukandamiza. Kufikicha huko kwa miaka kunaweza kuchangia konea kulegea na kuchongoka mbele kama ile pia ya kuchezea watoto. Akifika sekondari haoni ubaoni, na miwani ya kawaida haimsaidii vya kutosha. Usimchape mkono. Muwekee kitambaa cha maji baridi, umlete atibiwe muwasho wenyewe. Na surua na upungufu wa vitamini A vinaharibu kioo hiki pia, kwa hiyo chanjo, na matone ya vitamini A ya kumeza ya kila miezi sita, msiyakose.

Mafundi wa kuchomelea, nawaona kule nyuma. Maumivu yenu huja usiku, saa kadhaa baada ya kazi, kama mchanga umemwagwa jichoni. Huwa yanapoa kwa siku moja au mbili. Msiombe dawa ya ganzi mkaenda nayo nyumbani. Ukiitia kila mara, konea inayeyuka nawe husikii kitu. Na chokaa, au maji ya betri: osha hapohapo kwa maji safi mengi, dakika zisizopungua kumi na tano, fumbua kope maji yapite, ndipo uje. Mtu wa kwanza kupandikizwa konea na ikafanikiwa, mwaka 1905, alikuwa kibarua aliyeunguzwa na chokaa. Siku hizi upandikizaji upo, lakini inakadiriwa kwamba duniani konea moja hupatikana kwa kila wahitaji 70. Msiuwekee matumaini.

Kwa hiyo, ukipigwa na mpunga: usifikiche. Osha kwa maji safi. Nenda zahanati siku hiyohiyo upate mafuta ya macho. Ukiona doa jeupe, au kuona kumepungua, au maumivu yanazidi, usingoje kesho, njoo kwetu.

Sasa kabla hatujaachana, kila mmoja azibe jicho la kushoto kwa kiganja, bila kukandamiza. Isomeni ile kalenda ukutani. Haya, badilisheni, zibeni la kulia. Ambaye upande mmoja haoni sawasawa, abaki amekaa. Nakuja na tochi, naanzia mstari wa mbele.