Kutwa Moja Whitney, Kando ya Mto Mississippi

NEEMA: Karibuni. Leo tuko Louisiana, Marekani, shamba la Whitney: zamani shamba la miwa lililolimwa na watumwa, sasa makumbusho. Kaka Juma, anayetoka New Orleans apite wapi?

JUMA: Ashike barabara kuu ya I-10 kuelekea Baton Rouge, atoke kwenye njia ya kutokea namba 194, avuke daraja la Gramercy, kisha akate kushoto kuingia barabara ya jimbo, LA 18. Haifiki saa moja. Wengi hupotea kwa kutoka mapema, wakajikuta ukingo wa mashariki, na Whitney iko magharibi. Barabara ya Mtoni, River Road inayofuata mto, iko pande zote mbili, na madaraja ni machache.

NEEMA: Tena mto wenyewe huuoni. Tuta la kuzuia mafuriko limeuficha, kwa hiyo huwezi kukisia uko ng'ambo ipi. Msikilizaji wa Houston, Texas, naye anakuja na I-10 hiyo hiyo, ila kutoka magharibi. Namba 194 ataikuta kabla ya kufika New Orleans. Na Jumanne wanafunga.

JUMA: Dada Neema, kwa nini Whitney, wakati jirani kuna Oak Alley na mialoni yake 28?

NEEMA: Kwa sababu Whitney, tangu ilipofunguliwa kwa umma Desemba 2014, inaanza na waliotumikishwa kama watumwa, siyo na jumba la bwana. Nenda kwanza kwenye kuta zenye majina 107,000, yaliyotoka katika kumbukumbu alizokusanya mwanahistoria Gwendolyn Midlo Hall. Humo katika kazi yake wamo Wabambara na Wawolofu wa Afrika Magharibi, Wakongo, na hata Wamakua, watu wa Msumbiji na kusini mwa Tanzania. Usipite mbio hapo.

JUMA: Halafu makarai ya chuma ya kuchemshia sukari. Yalipangwa kwa safu juu ya moto mmoja, kubwa hadi dogo. Juisi ya miwa ilitiwa chokaa ili uchafu upande juu na povu, povu likaenguliwa, kisha juisi ikahamishwa kwa upawa mrefu kutoka karai hadi karai, ikizidi kuwa nzito. Karai la mwisho ndilo dogo na la moto kuliko yote. Hapo watu waliungua vibaya, maana shira nzito hushika ngozi.

NEEMA: Na kazi haikusimama usiku. Muwa ukishakatwa huchacha upesi, na baridi kali ikiupiga shambani unaharibika. Mavuno yote yalibanwa kati ya Oktoba na mwisho wa mwaka. Mfumo wa hali ya hewa ndio uliogeuzwa kuwa mjeledi.

JUMA: Wazazi, jueni kuna kumbukumbu ya uasi wa watumwa wa Januari 1811: vichwa vya sanamu juu ya vyuma, kama walivyofanyiwa waasi waliouawa. Mtazame wenyewe kwanza, kisha mwamue kuhusu watoto.

NEEMA: Kivuli ni kidogo. Kiangazi fika asubuhi, na maji na kofia. Mvua ikinyesha, viatu vya kufunika. Majani huficha siafu wakali wa kule wanaouma kama moto. Oktoba na Novemba hali ni nzuri zaidi, ila barabarani kuna malori ya miwa.

JUMA: Mashamba matatu kwa siku ni kukimbia tu. Mchana ongeza moja: Laura, pale Vacherie. Kule unatembezwa na mwongozaji kwa saa zilizopangwa, kwa hiyo kata tiketi mapema.