Rangi Haina Kosa: Mhadhara Kuhusu Makabati ya Jikoni

Ndugu zangu, karibuni, na asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie namna ya kulipatia jiko la zamani sura mpya kwa kupaka rangi makabati badala ya kuyang'oa. Nitalizungumzia. Ila nawaambia mapema: mliokuja na picha kwenye simu ili niwachagulie kati ya kijani na buluu mtasubiri hadi mwisho, na hata huko mwisho hamtapata zaidi ya dakika mbili. Rangi gani upake ni jambo la starehe. Rangi ishike vipi, hilo ndilo linalowatoa watu machozi, na ndilo lililonileta hapa.

Sitapoteza muda kueleza kwa nini mtu apake badala ya kununua mapya. Kama masanduku ya makabati ni mazima, hayajavimba kwa maji, milango haijapinda na skrubu za bawaba bado zinauma mbao, huna sababu ya kuyatupa. Tuendelee.

Niliwahi kuitwa kuangalia jiko la mama mmoja. Makabati yake yalikuwa yamepakwa rangi nyeupe miezi michache tu nyuma, na tayari yalikuwa yanabanduka. Mama alikuwa na hasira na kopo. Alikuwa amelihifadhi, akanionyesha jina la kampuni, akaniuliza kama rangi ile ni bandia. Nikamwomba anionyeshe mlango ulio karibu zaidi na jiko la kupikia. Pembeni mwa kishikio rangi ilikuwa imeinuka kidogo, upana wa ukucha. Nikaishika ncha ile nikavuta. Haikukatika. Ilitoka ukanda mzima, mrefu, laini. Nikaugeuza, nikamwambia, mama, hebu gusa nyuma yake. Upande wa mbele ulikuwa mweupe, mgumu, mzuri kabisa. Upande wa nyuma ulikuwa na utando wa manjano unaonata vidoleni, na ukiusogeza puani unasikia mafuta ya kukaangia. Rangi ile haikuwa bandia. Ilishika kwa nguvu zake zote kile ilichopewa. Ilipewa mafuta, ikashika mafuta.

Niwaeleze utando huo unatoka wapi, maana asiyeuelewa hataheshimu kazi ya kuuondoa. Kila unapokaanga, matone madogo sana ya mafuta hupanda na mvuke, yakatua juu ya makabati, kwenye kingo za juu za milango, kandokando ya vishikio. Hayabaki mafuta ya kawaida. Yanakutana na hewa na joto, oksijeni inaingia ndani yake, chembe zake zinaungana, na taratibu yanageuka kitu kigumu kinachonata, chenye rangi ya kahawia au manjano. Ni mabadiliko yale yale yanayoyafanya mafuta ya kitani yakauke ndani ya rangi ya mafuta. Kwa maneno mengine, jiko lako limekuwa likijipaka vanishi yake lenyewe kwa miaka yote hiyo, vanishi mbovu, na wewe sasa unataka kupaka juu yake.

Ndiyo maana kupangusa kwa kitambaa chenye maji hakutoshi. Najua kuna anayesema moyoni, makabati yangu ni masafi, nayapangusa kila siku. Sawa, unayapangusa pale macho yanapofika. Leo ukirudi nyumbani panda kwenye kiti, upitishe kidole kwenye ukingo wa juu wa mlango ulio jirani na jiko la kupikia. Kisha tazama kidole.

Kinachovunja mafuta hayo ni alkali. Soda ya kufulia iliyoyeyushwa katika maji ya moto, au sabuni kali ya kuondolea mafuta inayouzwa kwa kazi hiyo. Alkali inayageuza mafuta kuwa sabuni, na sabuni inaondoka na maji. Vaa glavu, maana alkali haichagui, na mafuta ya ngozi yako nayo yatageuzwa vilevile. Fungua milango yote uitoe kabisa, kila mmoja uandike namba mahali pa bawaba, kwa penseli, kisha ufunike namba hiyo kwa kipande cha selotepu ya karatasi. Skrubu na bawaba za kila mlango zitie kwenye mfuko wake wenye namba ile ile. Milango ya makabati hufanana kwa sura lakini haifanani kwa vipimo, na atakayeichanganya atajua siku ya kuirudisha.

Osha mbele, nyuma, kingo zote nne. Sugua kwa sponji yenye upande mgumu wa kukwaruza, na kwenye michongo tumia mswaki wa zamani. Badilisha maji yakichafuka; ukiendelea na maji machafu unayahamisha mafuta tu kutoka mlango mmoja kwenda mwingine. Kisha suuza kwa maji safi, mara mbili kama umetumia soda, kwa sababu alkali ikibaki juu ya mbao nayo itaizuia rangi kushika. Lakini usimwage maji kama unaosha gari. Plaiwudi na mbao za unga zilizogandishwa zikinywa maji huvimba, na zikishavimba hazirudi. Kitambaa kilichokamuliwa kinatosha. Acha zikauke hadi kesho.

Unajuaje kama umemaliza? Nyunyiza matone ya maji. Yakitandaa na kulowesha sehemu yote sawasawa, pamekuwa safi. Yakijikusanya vijimviringo na kukimbia, kuna mafuta au nta bado. Osha tena. Na waliokuwa wakiyang'arisha makabati kwa dawa za samani zenye silikoni waoshe kwa bidii zaidi, kwa sababu silikoni hufanya rangi ijikunje na kuacha vishimo vya mviringo kila mahali, na vishimo hivyo hurudi hata ukipaka mara ya pili.

Hapa ndipo fundi mwenye haraka huniambia: mimi naanza na msasa, msasa unaondoa kila kitu. Hapana! Msasa juu ya mafuta hauondoi mafuta. Unayapaka. Karatasi inajaa utando, inaziba, na kile kilichokuwa juu unakisukuma ndani ya mikwaruzo mipya ambako sponji haitakifikia tena. Osha kwanza, msasa baadaye. Nimelisema hili kwenye kumbi nyingi na nitaendelea kulisema, kwa sababu kila ninapofika kwenye jiko linalobanduka nakuta mpangilio ni ule ule: msasa kidogo, kitambaa kikavu, rangi.

Mwingine ataniuliza kuhusu zile rangi zinazotangazwa kwamba hazihitaji msasa wala praima, yaani ile rangi ya kwanza ya kushikia. Zipo, na baadhi ni rangi nzuri. Zimetengenezwa zishike kwenye sehemu inayoteleza kuliko rangi za kawaida. Hakuna hata moja iliyotengenezwa ishike kwenye mafuta ya kukaangia, na ukisoma maandishi madogo nyuma ya kopo utakuta wenyewe wameandika kwamba sehemu iwe safi, kavu, isiyo na grisi. Wameandika! Watu hawasomi.

Sasa msasa. Hukusudii kuondoa rangi ya zamani, unakusudia kuiondolea mng'ao ili rangi mpya ipate mahali pa kushika. Namba 180 au 220 inatosha kwa milango mingi. Ukitumia 80, yenye chembe kubwa, utaacha mikwaruzo itakayoonekana chini ya rangi siku zote, hasa taa ikipiga kwa pembeni. Kwenye fomaika na melamini, yaani mbao zilizobandikwa tabaka gumu linaloteleza, kuwa mwepesi zaidi. Tabaka la juu ni jembamba, na ukilitoboa umefika kwenye mbao za unga. Vumbi lote liondoke kabla ya kuendelea, kwa kifyonza vumbi kisha kitambaa chenye unyevu kidogo.

Kabla ya msasa huo, simama uulize: jiko hili lina umri gani? Nyumba nyingi za zamani zina rangi zenye madini ya risasi. Marekani iliipiga marufuku rangi ya risasi majumbani mwaka 1978, na Uingereza ikazuia kuiuza kwa umma mwaka 1992, kwa hiyo rangi iliyopakwa kabla ya miaka hiyo ni ya kushukiwa, na kwingineko hata iliyopakwa baadaye. Vumbi la risasi linaharibu ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Kama una shaka, pima kwanza. Ikiwa ipo, usipige kabisa msasa mkavu, watoto na wajawazito watoke, na mwite anayeijua kazi hiyo.

Praima. Hapa watu hubana matumizi, na wanabana mahali pabaya. Praima ina kazi mbili: kushika kilicho chini, na kuzuia kilicho chini kisipande juu. Mwaloni na mbao nyingine nyingi zina tanini, dutu ya asili ya mti, nayo huyeyuka kwenye unyevu wa rangi ya maji na kutoa madoa ya manjano kwenye rangi nyeupe. Unapaka mara ya pili, doa linarudi. Mara ya tatu, linarudi. Macho ya mbao kwenye msonobari nayo hutoa utomvu. Dawa yake ni praima ya sheleki, ile ya utomvu wa wadudu ulioyeyushwa kwenye spiriti, au praima ya mafuta, siyo kuongeza rangi. Kwa melamini na fomaika tafuta praima iliyoandikwa kwamba ni ya kushika sehemu zinazoteleza.

Na kama huamini lolote nililosema tangu nianze, fanya jaribio kabla hujapaka jiko zima. Chukua nyuma ya mlango mmoja, uandae, upake praima na rangi, uache wiki moja. Kisha kwa kiwembe chora mistari inayokatana, uwe na vijisanduku vidogo, ubandike selotepu imara juu yake na uivute kwa nguvu. Viwanda vya rangi vina kipimo cha namna hii, ISO 2409. Vijisanduku vikibaki, endelea. Vikitoka na selotepu, shukuru kwamba ni mlango mmoja tu.

Kuna makabati nasema usiyapake. Ile milango iliyofunikwa kwa ngozi ya plastiki iliyovutwa kwa joto, ngozi ikishaanza kuachana na ubao kwenye kona, rangi haitaizuia. Itaendelea kuachana na itaondoka na rangi yako. Ama uibandue yote upake ubao wa chini, ama ubadilishe milango tu na kuacha masanduku.

Naona naonyeshwa saa. Basi nikimbie.

Rangi yenyewe: usitumie ya ukutani. Ni laini, inanyonya uchafu, na mlango uliofungwa hugandamana na fremu yake. Tumia rangi ya milango na samani. Ya mafuta ni ngumu lakini nyeupe yake hugeuka manjano, hasa ndani ya kabati mahali pasipo na mwanga. Rangi za maji zilizochanganywa na alkidi, kile kigandishi cha rangi za mafuta, zinatosha kwa nyumba nyingi. Tabaka jembamba mara mbili au tatu, rola ndogo ya sponji kwenye sehemu bapa, brashi kwenye michongo, na msasa 320 mwepesi katikati ya tabaka.

Kukauka na kukomaa ni mambo mawili. Rangi ya maji huguswa baada ya saa moja, hupakwa tena baada ya saa chache, lakini kufikia ugumu wake kamili huchukua wiki mbili hadi nne. Fundi akikwambia kazi yote ni siku mbili, muulize ataosha lini. Katika wiki hizo funga milango kwa upole, usiisugue, usiining'inizie taulo mbichi.

Vishikio: pima umbali kutoka kati ya tundu hadi kati ya tundu kabla ya kununua vipya. Mara nyingi ni milimita 96 au 128. Vikitofautiana, ziba matundu ya zamani na utoboe mapya kabla ya praima, siyo baada ya rangi.

Mlioulizia kijani au buluu: paka ubao, uuegemeze jikoni, uutazame asubuhi na usiku chini ya taa zenu. Mimi siyajui macho yenu.

La mwisho silipunguzi hata mkinizimia taa. Matambara yaliyoloa rangi ya mafuta au mafuta ya kitani msiyakunje mkayatupa kwenye ndoo ya taka. Yanapokauka hutoa joto, na yakiwa yamerundikana joto halina pa kutokea, hupanda hadi yanawaka yenyewe, bila kiberiti, usiku mmelala. Yatandazeni nje moja moja hadi yakauke na kukakamaa, au yatieni kwenye kopo la bati lenye maji, mlifunike.

Maswali.