Hakuna Kikomo cha Kipato: Jinsi Kaya Inavyoingia na Kutoka TASAF
(Mhadhara kwa watendaji wa vijiji, kamati za usimamizi za jamii na wananchi, Moshi Vijijini)

Ndugu mwenyekiti, watendaji, wanakamati. Wazee wetu, shikamooni.

Swali tunaloulizwa kila tunapopita ni hili: kipato kikifika shilingi ngapi mtu anatolewa kwenye Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ule wa ruzuku za TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii? Hakuna kiasi cha namna hiyo. Bibi anayeshusha mkungu wa ndizi sokoni mara moja kwa wiki hana hati ya mshahara ya kukaguliwa. Hali ya kaya inakadiriwa kwa vitu vinavyoonekana: watu wangapi na wa umri gani, mkuu wa kaya amesoma hadi wapi, nyumba imejengwa kwa nini, choo kikoje, mwanga ni wa nini, mifugo ipo au haipo. Majibu yanaingia kwenye mfumo, na mfumo unatoa alama ya kukadiria umaskini wa kaya.

Wengine wameshika takwimu ya mstari wa umaskini, yaani kiasi cha matumizi ambacho aliye chini yake huhesabiwa maskini. Utafiti wa mapato na matumizi wa 2011/12 uliuweka kwenye shilingi 36,482 kwa mwezi. Ule wa 2017/18 ukaupandisha hadi 49,320, na chakula peke yake 33,748. Hiyo ni kwa mtu mzima mmoja, si kwa kaya nzima. Mstari ulipanda kwa sababu maisha yalipanda bei. Tafadhali, msimkate mtu mkutanoni kwa namba hiyo.

Majina huanzia mkutano wa kijiji, hufuata dodoso nyumbani kwa mhusika, kisha orodha hurudi mkutanoni kuthibitishwa. Kwa huku kwetu mlimani, hatua ya pili ndiyo inayoumiza watu, na hapo nataka tukae kidogo.

Chukua nyumba ya tofali na bati iliyojengwa na watoto walioko Dar es Salaam. Ndani anaishi mama wa miaka sabini na wajukuu watatu, na fedha kutoka mjini zilishakatika. Dodoso linaona tofali, bati na sakafu ya saruji. Hayo yaandikwe kama yalivyo, kwa sababu kudanganya kutamponza kwenye uhakiki. Lakini idadi ya watu isikosewe. Kaya ni wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Kijana anayekuja Desemba tu si mwanakaya. Akiandikwa, karatasi inaonyesha mtu mwenye nguvu za kazi ambaye nyumbani hayupo. Mjukuu aliyeletwa mwezi uliopita akisahaulika, tegemezi mmoja amepotea.

Ng'ombe pia. Wengi wanafuga ng'ombe wa mtu mwingine: wao wanapata maziwa na samadi, mnyama ana mwenyewe. Mwandikaji asiishie kuuliza "mna ng'ombe?" Aulize ni wa nani, na mjumbe anayeifahamu kaya awepo.

Baada ya kuingia, kaya huponyoka kwa mambo madogo. Mtoto akimaliza darasa la saba na kwenda sekondari bila taarifa kuhamishwa, shule ya zamani haina mahudhurio yake. Sharti la ruzuku ni mtoto kuhudhuria asilimia 80 ya siku za masomo, kwa hiyo ruzuku inakatwa ilhali mtoto yuko darasani. Jazeni fomu ya mabadiliko mara tu anaporipoti, vivyo hivyo kwa kizazi, kifo au kuhama. Na kwa wanaolipwa kwa simu, jina la kwenye laini lisipolingana na la kwenye orodha ya walengwa, malipo hukwama.

Aliyeachwa au kuondolewa aanze kwa kamati na mtendaji, alalamike kwa maandishi, abaki na nakala yenye tarehe. Kimya kikiendelea, amfuate mratibu wa TASAF wa halmashauri. Kulalamika kwa mdomo barazani hakuachi kumbukumbu.

Jambo la mwisho, kwa wazee. Kutoka TASAF hakufuti msamaha wa matibabu kwa mzee wa miaka 60 na zaidi asiyejiweza. Huo unapitia uongozi wa kijiji na ustawi wa jamii, kwa utambuzi wake wenyewe. Mtendaji asimrudishe mzee nyumbani kwa sababu jina lake halipo kwenye orodha ya ruzuku.

Sasa tuchukue maswali. Tuanze na akina mama wa nyuma pale.