Gunia Lenye Kilemba

Asanteni, wale wa nyuma sogeeni kidogo, hii maiki inakohoa kuliko mimi. Nimeambiwa niongee juu ya sera za kilimo na biashara na tayari naona watu wanatafuta simu mfukoni, siwalaumu, neno sera linaleta usingizi. Wacha basi tuongee waru, yaani viazi.

Juzi saa kumi na moja asubuhi nilikuwa Marikiti, lile soko la jumla la hapa Nairobi, lori zinashusha, na mnajua pale, matope hadi kwa kifundo na mwenye mkokoteni akisema kando unakaa kando hata kama wewe ni askofu. Nikaona gunia limejaa hadi mdomoni, halafu juu ya mdomo limeshonewa wavu, na ndani ya wavu ni waru tena, yaani gunia limevaa kilemba kama bwana harusi wa Lamu. Hiyo ndiyo lumbesa. Nikamwomba kijana mmoja tuliweke kwa mizani, akacheka, eti mwalimu unataka nifutwe kazi, lakini tukaliweka. Kilo 134.

Sasa Sheria ya Mazao ya 2013 inasema, na kanuni za viazi za 2019 zikarudia, kwamba gunia lisizidi kilo 50. Na kule shambani bei ilipatanwa kwa gunia. Moja. Kwa hivyo hizo kilo 84 za juu mkulima amezilima, amezipulizia dawa ya ule ugonjwa wa baridi, amezichimba, na hakuna mahali zimeandikwa.

Mtasema ni hongo barabarani. Sitabisha, lakini hata bila hongo lumbesa ingekuwepo, na hapa ndipo watu wa sera huwa wananiudhi kabisa. Ushuru wa kaunti unalipwa kwa gunia. Mwenye lori analipisha kwa gunia, mbebaji vilevile, na ukifika sokoni ada pia ni ya gunia. Sasa wewe broka mwenye akili zako, utabeba magunia matatu madogo ulipe mara tatu ama utashona kilemba ulipe mara moja? Sheria moja inahesabu kilo, risiti inahesabu magunia, na kwa kizuizi wanaitisha risiti.

Na mkulima hawezi kusema leo siuzi. Hiyo waru iko kwa kila kibanda hapa Nairobi ni Shangi, mbegu tamu, inaiva haraka, miezi mitatu hivi umechimba, inaivia hata kwa moto kidogo. Lakini Shangi haina subira, ukiiweka wiki chache tu imeanza kuchipua. Stoo baridi hana, barabara ya Kinangop, kule Nyandarua waru inakotoka, mvua ikinyesha ni uji, na broka amesimama kwa geti injini inanguruma. Hapo hata mimi ningeshona hicho kilemba mwenyewe.

Mnakumbuka Januari 2022, mkahawa mmoja mkubwa wa kuku kutoka Marekani ukaishiwa na chipsi hapa kwetu? Kumbe waru zilikuwa zinatoka nje na meli zimechelewa. Wakenya tulichemka mtandaoni, na mimi nilikuwa mstari wa mbele, mbona nchi ya waru inaagiza waru. Baadaye nikapoa nikajiuliza, mnunuzi kama yule anataka nini? Anataka ajue imetoka shamba gani, mbegu gani, dawa gani, saizi iwe karibu moja. Sasa lumbesa imechanganya mashamba matano na chini kuna mawe mawili, utamwambia imetoka wapi? Tunaingia mikataba, tuko na ule wa biashara na Umoja wa Ulaya ulioanza kufanya kazi Julai 2024, na Desemba 2015 mawaziri wa biashara wa dunia nzima walikaa hapo KICC, ule ukumbi mkubwa wa mikutano katikati ya jiji, wakakubaliana kuondoa ruzuku za mazao ya kuuzwa nje. Jambo kubwa hilo, sipuuzi. Lakini kutoka KICC hadi Marikiti ni mwendo wa mguu, na sidhani kuna waziri aliyepita kuona kilemba.

Haya, mazingira, maana mmeniambia niguse na hayo. Wangapi hapa wameoga leo? Msicheke, nauliza kwa sababu baadhi ya maji ya Nairobi yanatoka bwawa la Sasumua, na Sasumua iko huko huko Kinangop, chini ya mashamba ya waru. Mtu akilipwa kilo 50 amepeana 134, atalima wapi ndio afidie? Atapanda ile ile ardhi msimu baada ya msimu bila kuipumzisha, ugonjwa wa mnyauko unaenea, anahamia kipande kingine, anavunja nyasi, anashuka na jembe hadi kingo za mto. Mvua ikija udongo unateremka bwawani, na kusafisha maji ya tope ni pesa. Kuna mfuko wa fedha wa kulinda maji, ule wa Tana ya Juu, tangu 2015, unasaidia wakulima kuchimba matuta na kupanda nyasi, kazi nzuri sana. Ila huyo mkulima umemwambia aache mita kadhaa za kingo bila kulima, na shimo la kilemba halijazibwa. Na zile nyasi za Kinangop zinazovunjwa, kuna ndege humo mwenye kifua cha manjano, Sharpe's Longclaw, duniani kote anapatikana Kenya peke yake.

Eeh mama, uliza tu. Mmesikia? Anauza chipsi Kayole, anasema tukileta gunia la kilo 50 waru itapanda na wateja wake watakimbia. Swali zuri na linanikaba. Kwa kilo inaweza kupanda, sitakudanganya. Lakini mama, wewe unanunua kwa gunia? Kwa ndoo. Aha. Kwa hivyo zile kilo 84 za bure hazijawahi kukufikia. Na ndoo yenyewe ikoje? Rudia kwa sauti wasikie. Imebonyezwa chini! Jamani, kule shamba gunia linashonewa kichwa, huku Kayole ndoo inabonyezwa matako.

Wiki ijayo kuja nayo hiyo ndoo, mama. Mizani nitabeba mimi.