Mwaka usio na mtihani: namna ya kuupanga mwaka wa mpito sekondari

Ndugu mwenyekiti, wakuu wa shule, walimu wenzangu, na nyinyi wazazi mliotenga muda wenu kuja hapa, ahsanteni kwa kunikaribisha.

Nimeombwa nizungumzie mwaka wa mpito kwa wanafunzi wa sekondari, hasa upande wa mipango. Nitakaa zaidi Ireland, kwa sababu huko mpango huu umeishi nusu karne na umepita mikononi mwa walimu wa kila aina, wanaoupenda na wasioupenda. Mwaka 1974 waziri wao wa elimu, Richard Burke, alikuja na wazo kwamba kijana apate mwaka mmoja katikati ya sekondari bila mtihani wa taifa, ajijue na aitumikie jamii yake. Zilianza shule tatu tu. Kwa miaka ishirini mpango ulitambaa, ukawa jambo la shule zenye walimu walioupenda. Mwaka 1994 serikali iliufungua kwa shule zote na kutoa mwongozo, na idadi ya shule ikapanda kwa kasi. Leo shule nyingi sana za sekondari za Ireland zinao. Mwongozo wa 1994 ulifanya kazi mpaka juzijuzi. Mpya ulitolewa 2024 na ulianza kufuatwa Septemba 2025.

Mtoto wa kule anaanza sekondari akiwa na miaka 12 hivi. Anasoma miaka mitatu ya kwanza na kuifunga kwa mtihani. Akitoka hapo anaweza kuingia moja kwa moja kwenye miaka miwili inayoishia kwenye Leaving Certificate, mtihani ambao alama zake ndizo zinazoamua ataingia chuo gani na kusomea nini. Au anaweza kwanza kukaa mwaka wa mpito, akiwa na miaka 15 au 16. Zipo shule zilizoufanya wa lazima, na zipo zinazowaachia mwanafunzi na wazazi wake waamue.

Kabla sijafika kwenye ratiba, niseme ninaloliamini. Adui wa kwanza wa mwaka huu ni mtihani unaofuata. Mzazi anauliza, na mwalimu wa hisabati naye anauliza: tumepata mwaka mzima wa ziada, kwa nini tusianze silabasi ya mbele? Swali lina mantiki yake, na ndiyo maana ni la hatari. Waandishi wa mwongozo wa 1994 waliliona. Waliandika waziwazi kwamba mwaka wa mpito si sehemu ya masomo ya Leaving Certificate, wala si nafasi ya kuyasoma kwa miaka mitatu badala ya miwili. Hawakupiga marufuku mada zenyewe. Walisema mada ya aina hiyo ikiingizwa, ifundishwe kwa namna nyingine kabisa, tofauti na atakavyofundishwa mwanafunzi miaka inayofuata. Mwalimu wa historia anaweza kuwachukua wanafunzi wakakusanye masimulizi ya wazee wa mtaa. Hawezi kuwasomea notisi za mtihani. Shule inayopanga mwaka huu bila kuandika sharti hilo kwenye ukurasa wa kwanza itafika muhula wa pili ikiwa na kidato cha kawaida chenye jina jipya.

Tuje kwenye ratiba. Walimu wa Ireland wamezoea kuupanga mwaka kwa tabaka nne. La kwanza ni masomo ya msingi ya kila wiki: lugha, hisabati, dini, michezo. La pili ni masomo ya kuonja. Mwanafunzi anapitia fizikia kwa wiki kadhaa, kisha uhasibu, kisha uchoraji wa kiufundi au lugha asiyoijua, ili akifika kuchagua mchepuo awe anachagua kitu alichokigusa. La tatu ni mambo ya mwaka huu peke yake, kama kampuni ndogo ya wanafunzi inayotengeneza bidhaa na kuiuza, huduma ya kwanza, utengenezaji wa filamu fupi, mapishi. La nne ni matukio ya kalenda: safari, wiki za kazini, mchezo wa kuigiza wa shule, wageni wanaokuja kuzungumza.

Mimi nasema hivi: tabaka la pili ndilo lenye thamani kubwa, na ndilo linalopuuzwa. Matukio yanapendeza kwenye picha za tovuti ya shule, kwa hiyo shule hujaza matukio. Lakini kijana anayechagua masomo kwa kusikia kaka yake alichagua nini, au kwa kumwogopa mwalimu fulani, anabeba uchaguzi huo miaka mingi. Wiki nane za kuonja somo, mwalimu akifundisha kwa uhuru, zinaweza kumtoa mtoto kwenye njia isiyo yake. Kama mna nguvu ya kupanga tabaka moja vizuri, pangeni hilo.

Kalenda nayo ina sheria yake: inaanza kabla ya mwaka wenyewe. Mwaka wa masomo wa sekondari za Ireland una siku 167 na unaishia Mei. Chukueni mfano wa maonyesho ya wanasayansi vijana, yaliyoanza Dublin mwaka 1965 na ambayo hufanyika kila Januari. Mwanafunzi anayetaka kupeleka kazi yake huko hawezi kusubiri Novemba ndipo awaze. Tuzo ya Rais kwa vijana, inayoitwa Gaisce na iliyoanzishwa 1985, inamtaka kijana kila wiki atenge muda wa kuhudumia jamii, kujifunza ujuzi na kufanya mazoezi ya mwili, kisha afunge kwa safari ya kujitegemea. Hilo ni jambo la miezi, kwa hiyo mratibu makini huanza kuwaandaa wanafunzi wakiwa bado wako mwaka wa tatu.

Na hapa niseme juu ya mratibu. Mwongozo unataka programu iliyoandikwa, na timu ndogo ya walimu inayoisimamia. Kwenye karatasi ni rahisi. Kazini, mratibu ndiye anayepiga simu kwa waajiri, anayetafuta basi, anayemtuliza mwalimu wa kemia aliyepoteza vipindi kwa sababu ya safari, anayejibu wazazi saa tatu usiku. Mkuu wa shule asiyempunguzia vipindi mwalimu huyo amekwisha amua kwamba mpango utakufa pale atakapochoka. Naomba wakuu wa shule walio hapa mlichukue hili kwa uzito wake.

Wiki za kazini zinastahili muda wetu. Shule nyingine humpeleka mwanafunzi kazini siku moja kila wiki. Nyingine humpeleka wiki moja au mbili mfululizo, mara mbili kwa mwaka. Mfululizo una faida: anaiona kazi ikianza na kwisha. Siku moja kwa wiki inamfanya mgeni wa kudumu, anapewa kufagia na kupanga mafaili. Lakini mfululizo una tatizo lake, kwani shule zote za mji zikichagua wiki moja, fundi mmoja anapokea barua kumi. Basi shule jirani lazima zikae pamoja kabla, zigawane wiki. Tena kuna taratibu. Kule Ireland aliyetimiza miaka 16 akienda kufanya kazi na watoto wadogo lazima ahakikiwe na polisi kwanza, na eneo la ujenzi linadai mafunzo ya usalama. Bima nayo iwe imethibitishwa. Haya hayamalizwi wiki moja kabla.

Kubwa kuliko hayo ni nani anapata nafasi wapi. Wakiachiwa watafute wenyewe, mtoto wa daktari anakwenda hospitali, mtoto wa wakili anakwenda kwa wakili, na mtoto wa mama anayefanya usafi anakwenda dukani mtaani kwao. Mwaka uliokusudiwa kumfungulia dunia unamrudisha palepale. Dawa yake ni shule kuwa na daftari lake la waajiri, na nafasi zinazotamaniwa zipitie shuleni, zigawiwe kwa utaratibu unaojulikana na wote.

Suala hilo la usawa limechunguzwa. Taasisi ya utafiti ya ESRI ya Dublin ilichapisha mwaka 2004 tathmini ya mwaka wa mpito. Iligundua kwamba waliopitia mwaka huo kwa jumla walifanya vizuri zaidi kwenye Leaving Certificate kuliko wenzao, hata baada ya kuzingatia tofauti walizokuwa nazo mwanzoni. Wazazi wanaoogopa kwamba mtoto atasahau masomo walisikie hilo. Lakini faida hiyo haikuwafikia wote sawasawa, na shule za maeneo ya kipato cha chini ndizo zilizokuwa na uwezekano mdogo wa kuwa na mpango wenyewe. Malalamiko ya gharama bado yapo: ada ya shughuli, safari za nje, vifaa. Msimamo wangu ni kwamba safari ambayo mwanafunzi mmoja hawezi kuilipia isiwekwe kwenye programu. Itafutwe nyingine.

Tathmini nitaipitia kwa haraka. Hakuna mtihani wa taifa, lakini kuna kazi. Mwanafunzi anaweka mkoba wa kazi zake mwaka mzima, na mwishoni anakaa mbele ya walimu, wakati mwingine pamoja na mtu wa nje, akaeleza alichofanya na alichojifunza. Mkoba uanze wiki ya kwanza. Ukianza Aprili, mtoto anatunga.

Sasa, kwetu Tanzania. Sisemi tuongeze mwaka; wazazi wengi wangeshindwa kuubeba. Lakini tayari tuna kipindi ambacho hakina mwenyewe. Mtihani wa kidato cha nne unafanyika Novemba, kidato cha tano kinafunguliwa Julai. Hiyo ni miezi saba hivi. Shule ya zamani imekwisha muaga mwanafunzi, shule mpya haijamjua. Mwenye uwezo anapelekwa tuisheni au kozi ya kompyuta. Wengine wanaingia shambani, dukani, kwenye bodaboda. Msichana ana hatari zaidi, maana nyumbani anahesabiwa kama mtu aliyemaliza shule, na mipango mingine juu yake huanza.

Pendekezo langu ni dogo na linaweza kujaribiwa na shule za kata moja. Septemba, kabla ya mtihani, shule iite kikao cha wazazi wa kidato cha nne, na kila mwanafunzi aandikwe kwenye daftari pamoja na namba ya mzazi. Mwalimu mmoja apewe daftari hilo, na kuanzia Januari apunguziwe vipindi. Shule tatu au nne zigawane wiki kati ya Februari na Mei, kila kijana akae wiki mbili mahali pa kazi wilayani: zahanati, karakana, mradi wa umwagiliaji, ofisi ya kata, chuo cha VETA. Kila Ijumaa arudi shuleni na mkoba wake, aandike na azungumze na mwalimu. Nauli iingie kwenye bajeti ya bodi ya shule kabla ya kitu kingine chochote, na wasichana wawe wa kwanza kugawiwa nafasi. Asiyeonekana Ijumaa mbili, mwalimu aende nyumbani kwao wiki hiyohiyo.