Haya, Nijibu Kuhusu Kile Kitabu cha Pili

Hamjambo wapendwa. Leo sina salamu ndefu. Nimefungua komenti asubuhi nikakuta swali lile lile: "Dada Zuhura, kitabu cha pili cha yule binti wa mnara wa taa ulikisubiri mwaka mzima, ukatuhesabia siku, ukaenda mpaka kwenye kongamano la vitabu kumwona mwandishi, mbona kimya?" Chini yake mwingine kaongeza: "Kimya kingi kina mshindo." Nikasema basi, nijibu, yaishe.

Ila nawajua. Nikisema kongamano lilikuwa zuri, mtasema najidai kisa niko nje. Nikisema nilichoka, mtasema huyu naye kapata bahati ambayo wenzake hawana halafu analialia. Mwaka jana nililalamikia ada ya posta tu, kaka mmoja akanijibu, "Si urudi basi?" Kwa hiyo leo nitajidai kidogo na kulalamika kidogo, mtachagua wenyewe la kunisemea.

Na lile la "mtu mzima unasoma vitabu vya watoto" tulimalize hapa hapa. Riwaya za vijana wachapishaji wanazilenga kwa wasomaji wa miaka 12 hadi 18, sawa. Lakini mwaka 2012 kampuni ya utafiti ya Bowker iliangalia wanaonunua vitabu hivyo Marekani, ikakuta asilimia 55 ni watu wa miaka 18 na kuendelea, na kundi kubwa zaidi kati yao ni la miaka 30 hadi 44. Mimi nina 26. Humo bado ni mtoto.

Haya, kitabu. Jina silitaji. Wanaonifuatilia wanakijua, na mashabiki wake siwawezi, wana muda kuliko mimi.

Mnakumbuka nilivyowaimbia kile cha kwanza. Binti wa mlinzi wa mnara wa taa, kila siku anaandika kwenye daftari lake maji yamejaa saa ngapi, yamekupwa saa ngapi, upepo umetoka wapi, mwezi ukoje. Basi. Hana upanga, hana uchawi, hajatabiriwa na mzee yeyote. Jeshi linapokuja yeye analiacha lipige kambi ufukweni wakati wa maji mafu, maji yanapanda kidogo tu, wanajeshi wanajiona wako pakavu. Anasubiri. Anahesabu siku mpaka mwezi mpevu, bamvua, yale maji makubwa, inaingia usiku, jeshi kwisha. Nilifunga kile kitabu nikakaa na taa imewaka mpaka alfajiri. Hatimaye msichana wa kwenye riwaya anayeshinda kwa sababu alifanya hesabu vizuri!

Cha pili. Ukurasa wa 31, anapanda chombo, daftari linateleza mkononi, linaanguka majini. Mstari mmoja. Nilirudi kuusoma nikidhani nimeruka kitu. Sikuruka. Haliulizwi tena, halililiwi, yeye mwenyewe hasemi hata "daftari langu!" Kuanzia hapo mpaka karibu ukurasa wa 300 yuko kwenye kasri, anachagua kati ya wanaume wawili. Mmoja ana macho ya huzuni. Wa pili ana macho ya huzuni zaidi. Mtu aliyekuwa anasoma mwezi kama saa ya ukutani, sasa anapotea kwenye korido, lazima aongozwe chumbani kwake. Na yule adui tuliyemwogopa kitabu kizima? Anafia ndani ya barua. Barua inaletwa, inasomwa, amekufa, wanarudi kucheza dansi. Halafu mwishoni mlango unafunguliwa, hatuambiwi nani, tusubiri cha tatu.

Sasa msiseme nina chuki. Nimejaribu kuelewa. Kitabu cha kwanza mtu anaweza kukiandika miaka sita, hakuna anayemsubiri, anafuta anavyotaka. Kikipendwa, cha pili kinatakiwa mapema, mara nyingi ndani ya mwaka, na mkataba ulishasainiwa. Malipo ya awali mara nyingi hutolewa kwa vipande: kipande ukisaini, kipande ukikabidhi mswada, kipande kitabu kikitoka. Ukichelewesha mswada umechelewesha kodi yako ya nyumba. Na kikiwa cha kati kwenye vitabu vitatu ndiyo balaa, hakiruhusiwi kuanza wala kumaliza, kazi yake ni kusafirisha watu tu. Sisemi ndivyo ilivyokuwa kwa huyu mwandishi. Sikuwepo.

Na sisi wasomaji tumo. Oda za mapema zote huingia kwenye hesabu ya mauzo ya wiki ya kwanza, ndiyo maana unashawishiwa kwa vizawadi: kadi, ramani, karatasi zilizopakwa rangi pembeni. Mimi nilioda nakala mbili. Moja ya kusoma, moja ya kutazama. Naona mnacheka.

Halafu kuna aliyeniandikia, "Kama hukukipenda, andika cha kwako." Ndugu yangu, hilo lilishafanyika. Don Quixote, ile riwaya ya Mhispania Cervantes, ilitoka mwaka 1605, na kabla mwandishi hajamaliza sehemu ya pili, mwaka 1614 mtu mwingine akatoa ya kwake kwa jina la bandia. Mwenyewe alipotoa ya kweli mwaka 1615, akamfanya Don Quixote asikie habari za ile ya uongo na kuikana humo humo kitabuni. Mimi sitaki kukanwa na msichana wa mnara wa taa. Nilitaka daftari tu.

Tuje kwenye kongamano, maana ndiko mnakotaka.

Kwanza mjue kuna maonesho ya biashara na kuna makongamano ya wasomaji, na watu wanayachanganya. Yale ya Bologna, Italia, ya vitabu vya watoto, yaliyoanza 1964, ni ya wachapishaji na mawakala kuuziana haki za kutafsiri na kuchapa. Maonesho ya Frankfurt, Ujerumani, nayo siku za mwanzo ni za watu wa biashara. Makongamano kama BookCon ya New York, iliyoanza 2014, ni ya sisi mashabiki: kusikiliza mazungumzo, kununua, kusainiwa vitabu na waandishi. Kwa hiyo nyie mlionitumia miswada, wanne mnajijua, mmoja kurasa mia sita, nilikokwenda mimi hakuna hata wa kumkabidhi. Ningempa nani, mlinzi wa mlangoni?

Tiketi. Hapa naomba mnisikilize vizuri, ndipo damu ilipochemka. Fomu ya mtandaoni ina visanduku viwili: jina la kwanza, jina la ukoo. Mimi nina majina matatu. Nikijaza mawili katika kisanduku kimoja, inakuwa nyekundu. Nikaweka la kwanza na la mwisho, nikalipa, na juu yake ada ya huduma, halafu ada ya kushughulikia oda. Huduma ni nini kama si kushughulikia oda? Sikujibiwa. Tiketi ikaja, chini maandishi madogo: haihamishiki, jina lifanane na kitambulisho.

Kibali changu cha kuishi wakati huo kilikuwa kinafanyiwa upya, nimepewa barua yenye mhuri. Barua haina picha. Pasipoti ina picha, na ina majina matatu. Kijana wa kaunta akaweka vitu vitatu mezani, tiketi, barua, pasipoti, akavisogeza kama anacheza karata. "Hili la katikati ni la nani?" La baba yangu. "Na hili la mwisho?" La babu. "Sasa lako lipi?" Akaniambia nisogee kwenye meza iliyoandikwa Matatizo. Nilikaa hapo dakika hamsini. Sikumlaumu sana, alikuwa na umri wa mdogo wangu. Niliowalaumu ni waliotengeneza fomu wakaamini dunia nzima ina majina mawili mawili.

Wakati nasubiri, bangili za karatasi za kuingilia foleni ya kusainiwa asubuhi zikaisha. Nikapata ya alasiri.

Kuhusu vitabu vya bure: vipo, lakini si kama mnavyodhani. Zile ni nakala za awali, wachapishaji wanazitoa kabla kitabu hakijatoka ili watu wakiseme, hazijamalizwa kuhaririwa, na zimeandikwa kabisa kwamba haziuzwi. Nilimwona mtu na sanduku la magurudumu anazoa kila meza, na jioni ile ile nikaziona zimepigwa picha zinauzwa mtandaoni. Na mnaoniambia "tubebee hata ishirini": kitabu cha jalada gumu chenye kurasa mia nne na kitu ni kama gramu 700. Ishirini ni kilo 14. Mashirika mengi ya ndege begi ni kilo 23. Nguo nivae zote?

Jambo jingine lililoniuma: ili usainiwe, lazima kitabu uwe umekinunua mle ukumbini, na risiti uoneshe. Nimebeba nakala zangu mbili mgongoni, nimezilipia, nikanunua ya tatu. Ya kitabu ambacho sikukipenda. Haya, nisemeni.

Foleni ilikuwa saa tatu, tumekaa sakafuni. Mbele yangu alikuwa binti wa miaka kama kumi na minne, yuko na baba yake, na mapajani ana kitu amekifunga kwenye kitambaa. Tulipokaribia akakifungua. Daftari. Alilishona mwenyewe, jalada la boksi, uzi mwekundu, kurasa kazipaka majani ya chai zionekane za zamani. Nilidhani ndani ni mapambo. Akanionesha: miezi miwili ya maji kujaa na kupwa, ya ufukwe wa kwao, kaandika kwa mkono wake kila siku. Siku mbili zina alama ya kuuliza. "Nilikuwa naumwa," akaniambia, kama anaomba radhi.

Alipofika mezani hakusema kitu, alilisukuma tu mbele. Mwandishi akalichukua, akafungua katikati, akashuka na kidole mstari kwa mstari. Msaidizi akamgusa bega, muda. Hakuinua kichwa. Akamuuliza mtoto, "Hapa palikuwa bamvua?" Mtoto akatikisa kichwa kukubali. "Na hapa ulikosa?" "Nilikuwa naumwa." Mwandishi akachukua peni, na badala ya kusaini kitabu akaanza na lile daftari. Alichoandika sikukiona, na sikutaka kuchungulia.

Zamu yangu. Nilikuwa na swali langu tangu ukurasa wa 31, nimelifanyia mazoezi mbele ya kioo, kwa adabu kabisa: kwa nini alilitupa? Yule mama mwandishi akanitazama, macho mekundu, mkono kaufunga bandeji ya kifundoni kwa kusaini. Nikafungua mdomo. Nikasema, "Nimekipenda sana."

Ndiyo hivyo. Mlidhani nimelipwa ninyamaze, mmoja akasema nimepewa mkataba na wachapishaji. Mkataba gani, mimi ambaye nimenunua nakala tatu? Nilinyamaza kwa sababu nilimdanganya mtu usoni, halafu nikija kuwaambia nyie kitabu ni kibovu mnanionaje? Wiki tatu nimezunguka na hilo.

Mkiniuliza uende au usiende kongamano, mimi sikwambii. Kuna dada niliyekutana naye hapo anakwenda kila mwaka, hasimami foleni hata moja, anasikiliza mazungumzo, anarudi na furaha zake. Labda na wewe uko hivyo. Mimi foleni siwezi tena. Ila ukinunua tiketi, jaza jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho, na fomu ikigoma waandikie barua pepe kabla, utembee nayo imechapwa. Hilo tu nina uhakika nalo, na hata hilo ni kwa mwenye majina kama yangu.

Cha tatu kikitoka nitakisoma cha kuazima. Nasema hivyo leo.

Na mnaoomba niitoe zawadi ile nakala iliyosainiwa: nilitaka kukataa, kumbukumbu bwana. Lakini nilipokuwa kwenye treni ya kurudi nilifungua nitazame. Pale kwenye foleni kuna mhudumu anayepita na vikaratasi vya njano, anakuuliza jina, anaandika, anabandika kitabuni ili mwandishi asikosee. Nilimtajia mara mbili. Nasogeza kwenye kamera, mnaona? Mwandiko mzuri, kachora na kamwezi kadogo hapa pembeni. "Kwa Zahra."

Kwa hiyo kama kuna Zahra ananitazama, kitabu ni chako, niandikie hapo chini. Majina mawili yanatosha. Ada ya posta juu yako.