Hiyo peni ya dani ni ya bei gani kweli? Mazungumzo ya Kisumu kuhusu sarafu za zamani

Haya, asanteni kwa kuja, wale wa nyuma sogeeni kidogo. Reli ilifika hapa Kisumu 1901 ikaja na rupia, baadaye senti zenye tundu, halafu florini ya 1920 ambayo haikukaa, na 1921 shilingi ikaingia. Ndio maana ukifungua sanduku la dani, yaani nyanya, iwe Seme ama Kakamega huko, hukosi mbili tatu. Na kila mwenye nayo anajua ako na milioni. Pole, lakini umri peke yake hauleti bei. Mnunuzi anauliza zimebaki ngapi, nani anazitaka, na hiyo yako iko hali gani.

Chukua hii senti kumi ya 1936. Soma maandishi, ni ya Edward wa Nane, mfalme aliyekaa chini ya mwaka mmoja akaachia ndugu yake kiti Desemba hiyo hiyo. Kwao Uingereza sarafu zake hazikutolewa zitumike, lakini sisi tulikuwa tunanunua chumvi nazo, kwa sababu na hilo tundu katikati hakukuwa na uso wa mfalme wa kuchora. Stori tamu, si ndio? Sasa mtu akiisikia anaitisha elfu hamsini. Jamani, zilichapwa mamilioni! Iliyochakaa ni pesa ya soda. Herufi H ama KN ukiiona hapo ni alama ya kiwanda, zote mbili za Birmingham, andika pembeni kwa sababu utaulizwa.

Linganisha na senti za aluminiamu za 1907 na 1908, kati ya za kwanza duniani za madini hiyo. Jasho na unyevu wa huku zilizishinda, zikaliwa, 1909 wakahamia shaba na nikeli. Kwa hivyo ya kuoza utapata, safi ndio kazi.

Sasa gredi, yaani kipimo cha hali ya sarafu, na hapa msiniharakishe. Marekani wanatumia namba 1 mpaka 70, mtindo wa William Sheldon wa 1949, na kuanzia 60 kwenda juu ni ile haijawahi kutumika. Shika hii shilingi ya simba, ya George wa Sita, ishike kwa ukingo, vidole visiguse uso. Inamisha chini ya taa moja, zungusha polepole. Palipoinuka ndipo panaisha kwanza, mgongo wa simba, manyoya ya shingo, na huku nyuma nywele juu ya sikio la mfalme. Ukiona hapo pamekuwa bapa, pamefifia, imetembea hiyo. Mng'ao ukizunguka uso wote bila kukatika, weka chini pole pole uniite.

Na usidanganywe ati ni silva tupu, za 1921 mpaka 1946 silva ni robo, sarafu ya gramu 7.8 hivi inabaki na silva isiyofika gramu mbili, na kuanzia 1948 hakuna kitu.

Lakini kinachoniudhi kabisa ni kusugua. Majivu, ndimu, Brasso, dawa ya meno, mtu anaamka asubuhi anasugua urithi mpaka unang'aa kama sufuria ya harusi! Ukiweka chini ya lenzi unaona mikwaruzo midogo midogo imelala upande mmoja, na kampuni za gredi kama PCGS na NGC hazikupi namba tena, wanaandika tu imesafishwa, na bei inaanguka hapo hapo. Uchafu wa miaka sabini uachwe. Plastiki laini za bei rahisi pia wachana nazo, zinaacha ute wa kijani, tafuta karatasi kavu isiyo na asidi.

Mama ameuliza sarafu ya shilingi arobaini ya Kibaki. Hiyo ni ya 2003, miaka arobaini ya uhuru, nzuri kwa macho lakini bado iko kila mahali. Mimi ningekuwa wewe ningetafuta ile shilingi tano ya 1973, ya Mzee Kenyatta, yenye pembe tisa.

Na bei mnatoa wapi? Si kwa tangazo, kila mtu anaweza kuandika milioni, angalia iliuzwa ngapi mnadani. Yule wa WhatsApp mwenye mnunuzi Dubai, anayetaka utume pesa ya kusajili kwanza, huyo bloku. Haya, washeni hiyo taa, tuanze na bahasha ya baba hapa kushoto.